Lualaba: Uyoga unaweza kusafisha udongo ulioharibiwa na dawa za kuua majani

Kisenge, katika eneo la Dilolo, inajulikana kwa manganezi. Kwa miaka mingi madini hayo yalipanda treni kuelekea bandari ya Lobito, hadi vita vya Angola vilipofunga njia hiyo mwaka 1975. Leo wakazi wengi wanaishi kwa jembe. Na manganezi hiyohiyo ina kazi ambayo wachache wanaijua: inausaidia uyoga kuvunja sumu za shambani.

Mkulima anayepuliza dawa ya kuua majani anaona faida upesi, kwa sababu palizi inapungua. Lakini sehemu ya dawa inabaki ardhini. Atrazini, inayotumiwa katika mashamba ya mahindi, inaweza kukaa miezi mingi, zaidi udongo ukiwa mkavu. Ukipanda maharagwe nyuma ya mahindi, yanaweza kugeuka manjano na kufa. Umoja wa Ulaya uliikataa dawa hiyo mwaka 2004 kwa sababu ilikuwa inaingia katika maji ya chini ya ardhi.

Uyoga unaingia wapi? Katika pori, mti ukianguka, kuna aina za uyoga zinazoula hadi ubao unakuwa mweupe na laini. Nyuzi zake hutoa vimeng'enya, vinavyofanya kazi kama mate yanavyolainisha muhogo mdomoni. Kimoja kati ya hivyo hakifanyi kazi bila manganezi. Na kwa kuwa hakichagui sana, kinaweza kuvunja pia sumu zilizotengenezwa viwandani. Mwaka 1996, watafiti wa Israeli walionyesha kwamba uyoga wa jamii ya Pleurotus, ndugu wa ule unaolimwa kwa kuuzwa sokoni, ulivunja atrazini zaidi ulipoongezewa manganezi.

Hiyo si ruhusa ya kumwaga mawe ya mgodi shambani. Uyoga unahitaji manganezi kidogo sana. Ikizidi katika udongo wenye asidi, inadhuru mimea, na vumbi lake likivutwa kwa muda mrefu linaharibu ubongo.

Kikwazo kikubwa ni kiangazi. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa, mvua karibu hazinyeshi Lualaba. Hata hivyo, mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cranfield, Uingereza, walijaribu aina mbili za uyoga wa miti katika hali ya upungufu wa maji. Ziliendelea kutoa vimeng'enya na kuvunja mchanganyiko wa dawa, ikiwemo simazini, ndugu ya atrazini. Hiyo ilikuwa maabara. Shambani jua ni kali zaidi.

Kwa hiyo anayetaka kujaribu aanze na kipande kidogo, mvua zikiwa bado zipo. Akate mabua ya mahindi, ayaloweke, ayachanganye na mbegu ya uyoga, na nyuzi nyeupe zikishaenea ayafukie katika udongo wa juu. Halafu afunike kwa majani makavu ili unyevu usipotee. Baada ya miezi kadhaa, apande maharagwe katika mikebe miwili, mmoja wenye udongo huo na mwingine wenye udongo safi. Maharagwe yenyewe yataonyesha tofauti.

Lakini kuna onyo moja kubwa. Shaba na kobalti hazivunjwi na uyoga. Dawa inaweza kukatwa vipande, lakini chuma hubaki chuma, na uyoga hukivuta na kukiweka mwilini mwake. Katika mkoa wa migodi kama wetu, uyoga uliosafisha shamba haufai kuliwa wala kuuzwa, hata ukipendeza namna gani. Bowa la chungu litafutwe porini, mbali na migodi na mashamba yaliyopulizwa.

Na njia iliyo rahisi kuliko zote inabaki ileile: kupuliza kidogo, au kurudi kwenye jembe, kabla udongo haujahitaji kusafishwa.