Selimundu: Jeni iliyo ngao kwa mmoja na mateso kwa mwingine

Na MWANDISHI WETU

WAHENGA walinena kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Wapo wanaouchukua msemo huu kumaanisha kuwa chochote tunachorithi kutoka kwa wazazi wetu hakibadiliki. Wataalamu wa elimu ya urithi hawakubaliani na dhana hiyo. Jeni hutenda kazi ndani ya mazingira anamoishi mtu, na jeni ile ile yaweza kuwa ngao mahali pamoja na mzigo mahali pengine.

Mfano ulio wazi zaidi uko hapa nchini, nao ni ugonjwa wa selimundu.

Mnamo 1949, Anthony Allison, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Oxford aliyekulia Kenya, alizuru maeneo mbalimbali ya nchi akipima damu za wenyeji. Aligundua jambo la kushangaza. Katika baadhi ya jamii za Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya asilimia 20 ya watu walikuwa na jeni ya selimundu. Katika nyanda za juu, waliokuwa nayo hawakufika asilimia moja.

Je, ni kwa nini jeni inayoua watoto ilienea kiasi hicho badala ya kutoweka? Na kwa nini ilienea huku na si kule?

Jibu, ambalo Allison alilichapisha mwaka wa 1954, ni malaria. Pwani na eneo la Ziwa kuna joto linalowafaa mbu na vimelea vya malaria. Katika nyanda za juu, baridi huzuia vimelea hivyo kukomaa ndani ya mbu.

Kila mtu hurithi nakala mbili za jeni inayoelekeza utengenezaji wa himoglobini, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Anayerithi nakala moja ya selimundu na moja ya kawaida huishi bila ugonjwa. Isitoshe, vimelea vya malaria hupata taabu kustawi katika damu yake. Utafiti uliofanywa Kilifi na kuchapishwa 2005 ulionyesha kuwa watoto wa aina hii walikuwa na kinga ya takriban asilimia 90 dhidi ya malaria kali. Hivyo basi, wengi wao walinusurika, wakakua na kuirithisha jeni hiyo.

Anayerithi nakala zote mbili za selimundu ndiye mgonjwa. Chembe zake nyekundu za damu hupinda mithili ya mundu, huziba mishipa midogo na kuvunjika mapema. Matokeo yake ni maumivu makali na upungufu wa damu. Ajabu ni kwamba malaria, ambayo mbebaji wa nakala moja huistahimili, ni hatari kubwa kwa mgonjwa huyu.

Faida ya jeni hii, kwa hivyo, imefungamana na mahali. Mbebaji aliyehamia Nairobi, ambako malaria ni haba, hana anachokingwa nacho. Hali ni hiyo hiyo Marekani, ambako ugonjwa huo uliangamizwa kufikia 1951. Wamarekani wenye asili ya Afrika bado huirithi jeni iliyowafaa mababu zao, ilhali adui aliyeipa thamani hayupo tena.

Hata miongoni mwa wagonjwa, mazingira huamua mengi. Baridi kali, ukosefu wa maji mwilini na maambukizi huweza kuzusha maumivu. Mtoto anayekunywa maji ya kutosha, anayelala ndani ya chandarua na kupata chanjo zote ana nafasi bora kuliko mwenzake asiyepata hayo, ingawa jeni zao ni sawa.

Dawa nazo ni sehemu ya mazingira hayo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 1986 ulidhihirisha kuwa penisilini, ikitolewa kila siku kwa watoto wachanga wenye selimundu, ilipunguza maambukizi hatari ya bakteria kwa zaidi ya asilimia 80. Mnamo 2019, utafiti uliohusisha watoto takriban 600 wa Kenya, Uganda, Angola na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ulibainisha kuwa dawa ya haidroksiyurea ilipunguza maumivu, malaria na vifo. Dawa hizi hazikubadilisha urithi wa watoto hao. Zilibadilisha hatima yao.

Kuna somo lingine muhimu kwa familia. Katika baadhi ya nyumba, mtoto akiugua mara kwa mara, mama hulaumiwa kuwa ameleta laana. Lawama hiyo haina msingi, kwani mtoto hawezi kuwa na nakala mbili iwapo hakupata moja kutoka kwa kila mzazi. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta mtoto mgonjwa.

Ndiposa ni busara kwa wachumba, hasa wenye asili ya Pwani na Magharibi, kupimwa damu kabla ya kufunga ndoa, nao wazazi wawapime watoto mapema. Hakuna awezaye kujichagulia jeni, lakini mtoto anayejulikana hali yake mapema anaweza kukingwa kabla ya madhara kumfika.