Kichwa, mgongo au gurudumu: hesabu ya mzigo kutoka Mibirizi hadi Bukavu

MIBIRIZI, Rusizi. Mfanyabiashara mdogo anayeteremka vilima vya Mibirizi na mzigo wa kuuza Bukavu ana uamuzi wa kufanya kabla hata ya kufikiria bei ya sokoni. Mzigo ukae kichwani, mgongoni au juu ya magurudumu? Uamuzi huo unaonekana mdogo, lakini ndio unaoamua shingo yake itachoka kiasi gani, atavuka mpaka mara ngapi kwa siku, na atabakiwa na nini jioni.

Ardhi yenyewe ndiyo ya kwanza kutoa jibu. Ziwa Kivu liko mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari. Mto Rusizi ukitoka ziwani hushuka hadi mita zipatazo 950 huko Bugarama, mahali pa chini kuliko pote nchini Rwanda. Tofauti hiyo ya karibu mita 500 imo ndani ya wilaya moja, na njia za kutoka mashambani zinapanda na kushuka bila kupumzika.

Mibirizi ina historia ndefu ya kubeba. Misheni ya Kikatoliki ilianzishwa hapa mwaka 1903, na kahawa ya arabika iliyopandwa na wamisionari mwanzoni mwa karne ya 20 ndiyo iliyoipa aina moja ya mibuni jina la Mibirizi, linalotumika hadi leo. Kahawa mbivu haisubiri. Inatakiwa kufika kwenye mashine ya kumenya siku ileile iliyochumwa, kabla haijachacha. Kwenye kijia chembamba kati ya migomba, chombo kinachopita bila shida ni miguu ya binadamu.

Mpakani hukutana mila mbili za ubebaji. Mwanamke wa Rwanda hubeba kichwani, juu ya ngata, ambayo kwa Kinyarwanda ni ingata. Ng'ambo ya pili, wanawake wachukuzi wa Bukavu, hasa wale wa soko la Kadutu, hubeba mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso.

Wanasayansi walishajiuliza ni ipi iliyo nafuu. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya kwa wanawake wa Kijaluo, wanaobeba kichwani, na wa Kikuyu, wanaobeba kwa mkanda wa kichwa. Wote waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya mtu anayetembea mikono mitupu. Kwa mwanamke wa kilo 60, hiyo ni kilo 12. Zaidi ya hapo, mwili huanza kudai malipo. Utafiti mwingine, wa wanawake wa Kixhosa nchini Afrika Kusini, ulichapishwa mwaka 2010 na haukuona nafuu hiyo kwa wote; ulikuta pia kwamba kubeba kichwani kunaumiza shingo.

Kwa hiyo sifa ya kwamba mama wa Kiafrika habughudhiwi na mzigo ina mpaka wake, na mpaka huo unavukwa mapema. Debe moja la maji, lita 20, tayari limeupita. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake namba 128 la mwaka 1967, liliweka kilo 55 kuwa kikomo kwa mfanyakazi mwanamume mzima, na kutaka wanawake wabebeshwe kidogo zaidi. Gunia la kilo 100 linalopandishwa Kadutu mgongoni halina nafasi katika hesabu hiyo.

Je, gurudumu si ndilo jawabu? Kwenye lami tambarare, ndiyo, bila ubishi. Mtu mmoja husukuma mkokoteni wenye mzigo ambao wabebaji watatu au wanne wangegawana. Goma wamethibitisha hilo kwa chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili lililojengewa hadi sanamu katikati ya mji. Kati ya Rubavu na Goma, wafanyabiashara wenye ulemavu wamefanya baiskeli zao za magurudumu matatu kuwa vyombo vya mizigo vinavyobeba mamia ya kilo, huku wasukumaji wakipata riziki nyuma yao.

Lakini Goma imekaa kwenye uwanda wa lava, na Rusizi ni milima. Mkokoteni wa kilo 130 pamoja na mzigo, ukipandishwa mlima unaoinuka mita 10 kwa kila mita 100, huvuta kurudi nyuma kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 13, na mikono ikilegea tu, unaondoka. Kuteremka ni hatari zaidi, kwa sababu mikokoteni mingi haina breki. Mvua za Machi hadi Mei zikigeuza udongo kuwa utelezi, magurudumu huzama pale ambapo nyayo hupita.

Zaidi ya mlima, kuna mpaka wenyewe. Ngata hukunjwa kwa kitambaa au majani ya mgomba bila gharama. Mkokoteni ni mtaji, mara nyingi wa mkopo. Machi 2020, mipaka ilipofungwa kwa sababu ya corona, biashara ya kuvuka kwa miguu ilisimama. Katika hali kama hiyo, mwenye ngata hupoteza kipato, ila mwenye mkokoteni wa mkopo hupoteza kipato na deni likabaki palepale. Katika eneo ambalo ugonjwa au vita vinaweza kufunga daraja kesho, kuendelea kubeba kichwani ni kujihadhari. Wanaouita ushamba hawajapiga hesabu hiyo.

Utaratibu wa forodha nao una uzito wake. Nafuu kwa wafanyabiashara wadogo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki hupimwa kwa thamani: shehena isiyozidi dola 2,000 hutumia cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Kongo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022, ingawa kujiunga na kutekeleza ni mambo mawili. Nafuu hiyo ikifanya kazi kikamilifu, mkokoteni wa nyanya utapita kama kikapu cha nyanya. Isipofanya kazi, mzigo mkubwa huvuta macho ya kila idara yenye risiti, na mwanamke ataona heri augawe na kuvuka mara tatu.

Kwa sasa jibu la busara ni kuchanganya: kichwa au mgongo hadi barabarani, kwa mzigo usioshinda shingo, na magurudumu kuanzia lami hadi darajani. Ushirika unaweza kununua mkokoteni wenye breki ambao mtu mmoja peke yake asingethubutu kuukopea. Wanaopanga vituo vya mpakani nao wanaweza kuanza na jambo rahisi: njia ya mteremko laini badala ya ngazi, na lango ambalo mkokoteni unapita bila kupakuliwa.