Kabla Hujatuma Hela ya Sola

Kila likizo ikikaribia, kuna mtu ananikamata jikoni hosteli: "Injinia, nataka kumwekea mama sola kijijini, nitume kiasi gani?" Na mimi humrudishia swali: mama anataka kuwasha nini?

Nimejifunza kwa aibu. Mwaka 2019 nilituma hela nyumbani, mkoani Singida. Wakauziwa paneli nzuri tu ya wati 100, pamoja na betri ya gari, vikaunganishwa moja kwa moja. Miezi tisa haikufika, taa zikawa zinazima saa mbili usiku. Mama akarudi kwenye kibatari, wala hakuniambia, eti asiniudhi. Nilikuja kujua nilipokwenda likizo nikaona masizi mapya ukutani.

Paneli haikuwa na kosa. Ni vipande vya silikoni ambavyo vikipigwa na mwanga vinatoa umeme wa mkondo mmoja, kama ule wa betri ya tochi. Nasema mwanga, siyo joto. Wengi wetu tunadhani jua likichoma sana ndiyo umeme unazidi, kumbe paneli ikipita nyuzi 25 hupoteza karibu asilimia 0.4 ya nguvu yake kwa kila nyuzi inayoongezeka. Kwa hiyo iinuliwe kidogo juu ya bati, hewa ipite chini yake. Tawi la mwembe likitia kivuli kona moja tu, umeme wa paneli nzima unaweza kushuka vibaya. Hapa Uingereza mmeona paneli nyingi zinaangalia kusini. Singida iko kusini ya ikweta, kwa hiyo kule zielekezwe kaskazini, na mwinamo mdogo wa nyuzi 10 hadi 15 unatosha, mvua ioshe vumbi.

Sasa hesabu, msikimbie. Taa 5 za LED za wati 5, zikiwaka saa 5, zinakula wati-saa 125. Televisheni ndogo ya wati 40 kwa saa 4 ni 160. Simu tatu, tuseme 30. Jumla 315 kwa siku. Paneli ya wati 100 ikipata jua kali la saa 5 inatoa 500 kwenye karatasi. Ukitoa kinachopotea kwa joto, vumbi, nyaya na betri, unabaki na 350 hivi. Inatosha kwa kubana. Pasi ya umeme ya wati 1,000, jamani, isahauni.

Kilichotuua sisi ni betri. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini, halafu gari lenyewe linaijaza tena. Ukiikamua kila usiku, sahani zake za risasi zinaharibika haraka. Betri ya risasi ya sola, volti 12 na ampea-saa 100, ina wati-saa 1,200, ila ili idumu utumie nusu tu, yaani 600. Kwa matumizi yale ya 315, siku moja ya mawingu mazito haikulazi gizani. Za lithiamu unaweza kutumia hata asilimia 80 na zinadumu zaidi, lakini bei ya kuanzia inauma. Zote zinahitaji kontrola ya chaji, kile kisanduku kidogo kinachozuia betri isijae kupita kiasi na kukata umeme kabla haijakauka. Wauzaji wengine wanakiruka ili bei ionekane ndogo, na mteja anafurahi.

Mwaka 2021 nilinunua betri ya sola na kontrola. Paneli ni ile ile. Hela ya mafuta ya taa sasa inanunua sukari, na majirani wanaleta simu zao kuchaji. Televisheni inazimwa saa nne usiku. Hiyo ni amri ya mama, siyo ya kontrola.

Anayetaka kupiga hesabu ya kwao anione baada ya mkutano. Aje na orodha ya vitu vya kuwasha, bei tutaitafuta baadaye.