Bado Unashikilia Nduthi na Mawe? Cheki Vile Utachagua Stendi Imara

Msee, kama bado unawekelea nduthi kwa mawe ndio upake cheni oili, siku itakuangukia mguu utajua hujui. Boda nyingi huja na stendi ya katikati, lakini nduthi za spoti hazina. Hapo unahitaji stendi ya padoki, ile inainua gurudumu la nyuma.

1. Uzito
Nduthi ya spoti ya 600cc huwa karibu kilo 190. Chukua stendi inabeba zaidi ya hiyo, yenye miguu imepanuka. Ya chuma ni nzito lakini ngumu. Ya alumini ni nyepesi, poa kubeba ukienda mbio.

2. Inashika wapi?
Angalia ule mkono wa chuma unashika gurudumu la nyuma. Kama uko na matundu ya bolti, funga vishikizo hapo, stendi haitateleza. Pima tundu kwanza: milimita 6, 8 ama 10. Kama hakuna, nunua stendi ya raba.

3. Mbele
Inua nyuma kwanza, kila siku. Na ukitaka kutoa shoki za mbele, tafuta stendi inashika chini ya shingo ya nduthi, si ile inabebea kwa shoki zenyewe.

Mwisho, usisafishe cheni injini ikinguruma kwa gia. Kitambaa kikivutwa, vidole vinafuata. Zima, weka nyutro, zungusha gurudumu na mkono. Stendi utanunua ingine. Vidole je?