Dogi Akijikuna, Usikimbilie Gunia ya Duka

Pitia Mwakingali ama Sofia, hapa Voi, jioni ucheki dogi za mtaa. Mob zinajikuna. Moja imekaa kwa lile vumbi letu jekundu, mguu wa nyuma unatwanga sikio, ingine inalamba vidole mpaka manyoya meupe yamegeuka kahawia. Muulize mwenyewe, atakushow ni sembe, atamnunulia dishi ya agrovet mwisho wa mwezi. Hapo ndio ganji ya wasee wengi hupotea.

Kwanza toa wadudu kwa hesabu. Voi ni joto, mbuzi na ng'ombe wanapita kila kona, kupe na viroboto hawalali. Chana dogi juu ya tishu nyeupe iliyoloa maji. Vumbi litaacha rangi ya udongo, hiyo achana nayo. Tafuta punje ndogo nyeusi zinazotoa duara la damu: hiyo ni choo ya viroboto. Dogi mwenye mzio wa mate ya kiroboto akiumwa mara chache tu, nywele za karibu na mkia zinaisha. Kama ni masikio na viwiko vimetoka maganda, na wewe pia umeanza kujikuna mikono, hiyo huenda ni upele, mpeleke kwa vet. Na maze, oil chafu ya gari isimguse. Wasee wa gereji huapa inaponya, lakini ni sumu na dogi atailamba yote.

Ukishamaliza wadudu, sasa tubonge dishi. Kuna dogi anakula sembe na maji ya sukuma Januari mpaka Disemba. Tumbo imejaa, ngozi haijapata kitu. Ngozi na manyoya hutaka protini mob na mafuta, akikosa anakauka, mba zinamwagika. Huyo hana mzio, ako na njaa ya ngozi. Mpikie omena bila chumvi, yai lililoiva, kijiko cha mafuta ya alizeti juu ya sembe, umpe wiki kadhaa. Unga nao uwe safi. Mahindi yakiota ukungu watu husema peleka kwa dogi. Zii. Sumukuvu haiishi kwa kuchemsha. Mwaka wa 2004 iliua watu 125 Kenya hii, Makueni na Kitui, majirani zetu, zikiumia kuliko zote, na ini la mbwa haliiwezi hata kidogo.

Mzio wa dishi ni story ingine. Mara nyingi mwili hukataa kile dogi amekula siku zote. Mwaka wa 2016 watafiti walichapisha hesabu ya mbwa 297 wenye mzio wa chakula: nyama ya ng'ombe ilishika asilimia 34, maziwa 17, kuku 15, ngano 13. Mahindi yalikuwa 4 pekee, samaki 2. Hao ni mbwa wa majuu, lakini hapa pia nitashuku matumbo ya ng'ombe kabla ya sembe. Na ile gunia ya duka, soma nyuma: mara nyingi ng'ombe, kuku na ngano ziko ndani zote pamoja.

Njia ya kujua ni moja. Nyama moja, wanga moja, vyote vigeni kwake, wiki nane. Kama hajazoea samaki, tilapia wa Ziwa Jipe aliyechemshwa na kutolewa miba ako fiti. Kama omena ni kawaida yake, tafuta msee anafuga sungura. Mbuzi ni rahisi kupata, ila ni ndugu wa ng'ombe, mzio unaweza kumfuata. Wanga chukua ndizi za Taveta za kuchemsha ama viazi vitamu. Vitunguu visiguse sufuria, ni sumu kwake. Na mtu akikuletea digidigi usiku akisema haina mzio, kataa. Sheria ya wanyamapori ya 2013 itakudaka, na Tsavo inamalizwa na hiyo biashara.

Ngori yenyewe ni mtaa. Dogi wa Voi hana bakuli moja. Msee wa bucha anamrushia mfupa, mtoto anamgawia smokie, mama wa kibanda anamwaga chapo na mchuzi asubuhi. Kipande kimoja kinaharibu wiki zote ulizosota. Kwa hivyo zunguka uombe kwa heshima: "Mama, shikamoo. Naomba huyu asipewe kitu mpaka ngozi ipone." Mama akielewa, atawafukuza hata watoto. Watoto waambie wampapase badala ya kumlisha. Na dogi akae ndani ya geti, akitembea awe na kamba. Hata dawa ya kutafuna yenye ladha ya nyama uliza vet kwanza.

Wiki nane zikiisha na ameacha kujikuna, mrudishie matumbo ya zamani, hiyo pekee, wiki mbili. Akianza tena, umeshampata adui. Itoe kabisa, halafu jaribu kuku, kisha maziwa, moja moja. Kisha ongea na vet kuhusu kalisi na madini, kwa sababu nyama na ndizi pekee hazitamtosha mwaka mzima, hasa akiwa bado mtoto. Na kama wiki nane zimepita na hakuna kimebadilika, dishi haina makosa. Mrudishie sembe na omena yake, uende kwa vet ukiuliza kuhusu mzio wa vumbi na nyasi.