Ombi Kupokelewa Si Malipo Kufanyika

Mteja wa duka la mtandaoni jijini Nairobi anabonyeza kitufe cha kulipa, na papo hapo simu yake inamtaka aingize PIN ya M-Pesa. Kabla hajaandika hata tarakimu moja, programu ya duka imeshapata jibu kutoka Daraja, mfumo wa Safaricom unaowawezesha wasanidi kuunganisha programu zao na M-Pesa. Jibu lenyewe ni ResponseCode 0, na maneno yanayoeleza kuwa ombi limepokelewa ili lishughulikiwe. Msanidi aliyezoea kazi hii hahangaiki nalo. Anajua pesa bado hazijatoka, na kwamba matokeo yenyewe yatafuata baadaye kwenye anwani aliyoiweka katika kigezo cha CallBackURL. Huenda yakaja na ResultCode 1032, yaani mteja ameghairi.

Sasa kazi hiyo apewe wakala wa akili mnemba: si yule wa kibandani anayetoa na kupokea pesa, bali modeli ya lugha iliyoruhusiwa kutumia programu nyingine, yaani zana, kwa niaba ya mtu. Akikuta zana imeelezwa kwa maneno manne tu, “Hutuma malipo ya M-Pesa”, kisha akaona sifuri na neno la mafanikio, atamwandikia mteja kwamba malipo yamekamilika. Mzigo utatoka dukani bila shilingi kuingia.

Kosa hilo halitokani na uzembe wa modeli. Tangu Juni 2023, OpenAI ilipowawezesha wasanidi kuzipa modeli zake zana za kuita, na hata katika MCP, itifaki ya kuunganisha modeli na zana iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024, modeli hutambulishwa zana kwa mambo matatu ya msingi: jina, maelezo kwa lugha ya kawaida na orodha ya vigezo. Kwa kawaida msimbo ulio ndani haiuoni. Haina mwenzake wa dawati la pili wa kumuuliza, wala haikuwepo siku timu ilipokubaliana kuwa sifuri isichukuliwe kuwa malipo. Lisiloandikwa, kwake halipo.

Maelezo yanayofaa yangesomeka hivi: “Hutuma ombi la malipo kwenye simu ya mteja. Jibu la 0 lina maana ombi limepokelewa, halithibitishi malipo. Usimwambie mteja kuwa amelipa mpaka zana ya angalia_malipo irudishe ResultCode 0. Namba ya simu iwe na tarakimu 12 kuanzia 254, bila alama ya kujumlisha. Usirudie ombi kwa sababu tu matokeo yamechelewa.”

Sentensi ya mwisho ni rahisi kusahaulika, na kuisahau kuna hasara kubwa. Wakala asipoona matokeo anaweza kujaribu tena, na mteja aliyeingiza PIN mara mbili atakatwa mara mbili.

Wapo wanaosema modeli zinakua haraka mno kiasi kwamba maelezo ya namna hii hayatahitajika. Uzoefu wa wahandisi wenyewe hauungi mkono hoja hiyo. Mwishoni mwa 2024 Anthropic ilieleza kwamba ilipokuwa ikijenga wakala wa kurekebisha programu, muda mwingi zaidi ulitumika kuboresha zana kuliko maagizo ya jumla. Wakala huyo alikuwa akikosea mafaili baada ya kuhama kutoka folda kuu, kwa sababu zana ilikubali njia fupi ya faili inayotegemea mahali alipo. Zana ikabadilishwa ili idai njia kamili wakati wote, na kosa likaisha. Kwa hiyo pale ambapo utata unaweza kuondolewa kwenye zana yenyewe, heri uondolewe huko kuliko kuandikiwa onyo.

Majina ya vigezo nayo yana uzito wake. Zana ya kukata tiketi za basi yenye kigezo kinachoitwa “saa”, bila neno jingine, inakaribisha balaa: abiria wa Morogoro anayetaka basi la saa 2 asubuhi anakusudia 08:00, na wakala anaweza kupeleka 02:00. Tarehe 03/04 ni Aprili kwa Mtanzania na ni Machi kwa Mmarekani. Mfano mmoja uliojazwa, kama 2026-04-03, unamaliza ubishi.

Ujumbe wa kosa pia ni sehemu ya maelezo, tena husomwa wakati unapohitajika hasa. “Kosa 400” pekee humwacha wakala akibahatisha. “Namba ina tarakimu 10; zinatakiwa 12 kuanzia 254” humwezesha kujisahihisha mara moja.

Hata hivyo, urefu nao una gharama, kwa kuwa maelezo ya kila zana hula nafasi katika kumbukumbu ya kazi ya modeli. Kinachostahili kubaki hujulikana kwa kupima. Daraja ina mazingira ya majaribio: wakala apewe humo malipo yaliyokamilika, yaliyoghairiwa na yasiyoleta matokeo kabisa, kisha msanidi asome alichomwambia mteja katika kila hali, na arekebishe sentensi iliyompotosha kabla ya kumkabidhi duka.