Kuvuka daraja la Juba: matembezi ya mwisho wa juma kwa wanaoujua mji kwa biashara tu

Wakenya, Waganda na Watanzania wa Juba hawahitaji kutafutwa. Utawasikia katika soko la Konyo Konyo wakibishania bei ya nyanya zilizoingia usiku kutoka mpakani, utawakuta Kastom wakingoja abiria, na wengine wapo maofisini, hotelini na kwenye maeneo ya ujenzi. Wapo waliokaa miaka mingi. Lakini Jumapili yao huishia kanisani, kisha kwenye kiti cha plastiki kando ya mto, soda mkononi, na macho yakitazama ng'ambo ambayo hawajawahi kuifikia. Waulize wameona nini katika nchi hii, watakutajia uwanja wa ndege, daraja na kaburi la John Garang.

Kaburi hilo si la kudharau. Garang alikufa tarehe 30 Julai 2005, helikopta ilipoanguka akirejea kutoka Uganda, wiki tatu tu baada ya kuapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Sudan. Alizikwa Juba wiki iliyofuata, na ni katika viwanja vya kaburi hilo ambapo Sudan Kusini ilitangaza uhuru wake tarehe 9 Julai 2011. Nenda, simama kwa heshima, halafu toka mjini. Mambo makubwa ya Mto Nile wa juu yalitokea nje ya mji huu, kabla haujakuwapo. Mji wenyewe ni mchanga: Waingereza na wafanyabiashara wa Kigiriki waliuinua mwishoni mwa miaka ya 1920, penye kijiji cha Wabari.

Kwanza Gondokoro. Leo jina hilo watu wengi wa Juba hulitumia kwa kisiwa kinachoonekana toka mjini, ambako Wabari hulima mboga na kuzivusha kwa mtumbwi kwenda sokoni. Gondokoro ya historia ilikuwa ukingo wa mashariki. Unavuka daraja, unapita Gumbo, unafuata mto kuelekea kaskazini. Usitarajie makumbusho wala dirisha la tiketi. Mto umehamahama na majengo yamekwisha, na kinachobaki ni nyasi, miti, mashamba na maji mapana yanayopita kimya. Hata hivyo, kwa maoni yangu hapa ndipo pa kwanza kwa mtu wa Afrika Mashariki, na nitaeleza kwa nini.

Merikebu za Misri zilifika hapa kwa mara ya kwanza mwaka 1841, zikiongozwa na nahodha Salim. Zaidi ya hapo hazikuweza kwenda mbali, maana kusini mwa Juba Nile hupita juu ya mawe. Gondokoro ikawa mwisho wa njia ya maji kutoka Khartoum, na kila aliyetaka pembe za ndovu alitia nanga hapa. Baada ya pembe wakaja wakamata watumwa, na kambi za wafanyabiashara zikajaa watu waliofungwa kongwa.

Miaka ya 1850 wamisionari Wakatoliki wakiongozwa na Ignacij Knoblehar, Mslovenia aliyetumwa chini ya himaya ya Austria, walijenga hapa kanisa na nyumba za matofali, wakapanda milimau. Homa iliwaua mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1860 misheni ilifungwa. Samuel Baker, mpelelezi wa Kiingereza aliyefika baadaye, aliikuta milimau ikiwa na matunda yasiyochumwa na mtu. Aliandika pia kwamba wenyeji walikuwa wakiyasaga matofali ya misheni kuwa unga, wakauchanganya na mafuta na kujipaka mwilini, kwani rangi nyekundu ndiyo iliyokuwa pambo la Wabari. Kanisa zima likaishia mabegani mwa watu. Vitu vya Kibari alivyokusanya Knoblehar viko salama mbali na hapa, katika jumba la makumbusho ya mila mjini Ljubljana.

Mtu mwingine asiyestahili kusahauliwa ni Nyigilo, mganga wa mvua wa Kibari. Alisafiri hadi Khartoum, akawajua wageni kabla hawajaijua nchi yake, na aliwasaidia wamisionari kupata mahali. Kazi ya mleta mvua ina hatari yake. Mwaka 1859 ukame ulipozidi, watu wake walimwona ndiye mwenye lawama, wakamuua. Vitabu vingi vya Nile hupita juu ya jina lake haraka ili viwafikie Wazungu.

Sasa sababu niliyoahidi. Mwezi Februari 1863 kundi la watu waliochakaa, nguo zimewaishia, liliingia Gondokoro kwa miguu kutoka kusini. Ulikuwa msafara wa wapelelezi John Speke na James Grant, uliotoka Zanzibar mwaka 1860, ukapita Bagamoyo, Tabora, Karagwe, Buganda ya Mutesa na Bunyoro ya Kamurasi. Baker na Florence, aliyekuja kuwa mkewe, walikuwa tayari wapo Gondokoro, na kukutana kwao ndiko kunakosimuliwa kila mara. Lakini Speke na Grant hawakuwa peke yao. Walikuwa na wapagazi na askari wa pwani, wachache waliobaki kati ya wengi walioanza safari, na kiongozi wao alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni, akapelekwa India, akarudi Zanzibar akiwa mtu huru. Watu hawa waliendelea na mto hadi Cairo, wakapigwa picha huko, kisha wakarudishwa Zanzibar kwa njia ya bahari. Walikuwa wameiona Nile tangu inapotoka ziwani hadi Misri, kwa miguu na kwa mashua.

Kwa hiyo mtu akisema Kiswahili kilifika huku pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, mkumbushe Bombay. Kilisemwa kwenye ukingo huu miaka zaidi ya sitini kabla ya mji wa Juba. Ningependa kuona jina lake limechongwa kwenye jiwe hapo Gondokoro, na la Nyigilo kando yake, kabla wauza viwanja hawajafika. Mji unapanuka ng'ambo hii kwa kasi, hasa tangu Daraja la Uhuru lililojengwa kwa msaada wa Japani lifunguliwe Mei 2022.

Baker alirudi mwaka 1871 akiwa na jeshi la Khedive Ismail wa Misri, akapandisha bendera na kupaita mahali hapo Ismailia. Jina halikudumu. Miaka mitatu baadaye mrithi wake, Charles Gordon, alihamisha makao kwenda Lado, chini zaidi kwenye ukingo wa magharibi, na huko ndiko Emin Pasha alikotawalia jimbo la Ikweta. Msomaji wa Tanzania anaijua nusu ya pili ya habari hiyo: Stanley alikuja kumchukua kupitia Kongo, akiwa na mamia ya watu wa Zanzibar, wakafika Bagamoyo Desemba 1889, na usiku wa karamu Emin akaanguka kutoka dirisha la ghorofani.

Ukirudi ukingo wa magharibi na kuelekea kusini utauona mlima wa Rejaf kabla hujaufikia. Umechongoka, umesimama peke yake karibu na mto. Hapa tarehe 17 Februari 1897 kikosi cha Mfalme Leopold wa Ubelgiji, chini ya Louis-Napoléon Chaltin na kikisaidiwa na Wazande, kiliwafukuza Wamahdi, wafuasi wa Mahdi wa Sudan. Waliokufa kwa pande zote mbili wengi walikuwa Waafrika, wakipigania ardhi ambayo hakuna hata mmoja wao angeimiliki. Leopold alilishika eneo la Lado kwa mkataba wa maisha yake tu. Alipokufa Desemba 1909 ilibidi lirudishwe Sudan mwaka uliofuata, na majangili wa pembe waliingia kwa fujo kabla serikali mpya haijakaa sawa. Tembo wa ukingo huu hawajapata kurudi kuwa kama walivyokuwa.

Panda Rejaf asubuhi na mapema, pamoja na kijana wa kijijini, na baada ya kumwona chifu. Kupanda si kwa muda mrefu, lakini mawe yanateleza na jua la saa nne halina huruma. Juu unauona mto unavyojigawa kuzunguka visiwa, na kaskazini mabati ya Juba yakimeremeta.

Jebel Kujur, upande wa magharibi wa mji, ni karibu zaidi. Wabari huuita Körök. Chini yake utawakuta akina mama wameketi kwenye vumbi, nyundo mkono mmoja, jiwe limebanwa kwa mpira wa tairi ili lisiruke machoni. Wanapasua kokoto, wanazirundika mafungu, wanangoja lori. Ghorofa mpya za Juba zimetoka kwenye mafungu hayo. Siwezi kuwaambia akina mama waache, maana ndiyo ada ya shule ya watoto wao. Naweza kusema kwamba mlima unaliwa, na wenye ghorofa wangeweza kulipia kokoto zinazotoka machimboni mbali na hapa.

Mwenye siku mbili aende Nimule. Barabara ya lami ya kilomita 192, iliyokamilika mwaka 2012 kwa fedha za Marekani, ndiyo hiyo hiyo inayoleta unga, mafuta na bia kutoka Uganda. Wengi wetu tumeipita tukiwa na usingizi, tukiwaza ushuru wa mpakani Elegu. Njia hii ni ya zamani kuliko lami yake. Miaka ya 1930 msafiri wa Mombasa angepanda gari moshi hadi Uganda, akavuka Ziwa Kyoga kwa meli, akafika Butiaba, akapanda meli nyingine kwenye Ziwa Albert hadi Nimule, akachukua motokaa hadi Juba, na hapa akaingia melini kwenda Kosti na Khartoum. Sababu ya kushuka Nimule na kushika barabara ni maporomoko ya Fula.

Maporomoko hayo yamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nimule, iliyopewa hadhi hiyo mwaka 1954. Mto wote mpana uliotoka Uganda taratibu unaminywa kwenye mlango wa mawe, unachemka, unatoa moshi wa maji. Kelele zake unazisikia kabla vilima havijaisha. Mgambo wa hifadhi hukuvusha kwa mashua, nawe unatembea kwa miguu. Kuna tembo, viboko na mamba, kwa hiyo amri ya mgambo isijadiliwe.

Upande wa mashariki na kaskazini-mashariki ya Juba ndiko kuliko na jambo ambalo dunia ilichelewa kulijua. Hesabu iliyofanywa kwa ndege mwaka 2023 katika nyanda za Boma na Badingilo, na kutangazwa mwaka uliofuata na serikali pamoja na shirika la African Parks, ilikadiria wanyama wanaohama kuwa karibu milioni sita. Takriban milioni tano ni kobu wa masikio meupe. Waliosalia ni nyamera, swala wa Mongalla na tohe. Serengeti, tunayojivunia kwa haki, nyumbu wake hawafiki milioni mbili. Mandhari hii ya Boma na Badingilo imo katika orodha ya awali ambayo Sudan Kusini iliiwasilisha UNESCO, pamoja na kinamasi cha Sudd na Deim Zubeir, kituo cha biashara ya watumwa huko magharibi. Wakati huo huo nyama ya swala huuzwa kando ya barabara, imekaushwa, na miongoni mwa wanunuzi wake wamo wageni. Mwenye kupenda nchi hii asinunue.

Kwa wanaojiandaa: nendeni kati ya Desemba na Machi, kabla mvua hazijaifanya barabara ya udongo kuwa tope. Hali ya usalama hubadilika, na kwenye barabara ya Nimule magari yamewahi kushambuliwa, kwa hiyo ulizeni madereva wa siku ile ile, msisafiri usiku, na muwe na pasipoti. Msipige picha za daraja, askari wala uwanja wa ndege, na pateni kibali kabla ya kutoa kamera popote. Wenye gari zuri wanaweza kuongeza Terekeka, kaskazini, kwa wafugaji Wamundari. Jioni ng'ombe hurudi kambini, vijana huwasha mavi makavu ili moshi ufukuze wadudu, na kila dume hufungwa kwenye kigingi chake. Kaeni mbali kidogo mpaka mzee wa kambi awakaribishe, na sukari au chumvi ya ng'ombe hupokewa vizuri kuliko pesa.